Kabla Hujamtafuta Jini, Tafuta Nyumba: Ushauri kwa Anayetaka Kupiga Filamu ya Kutisha Mombasa

Vijana wengi wanaonijia na wazo la filamu ya kutisha huanza na jini. Hunieleza macho yake, kwato zake, sauti yake, kisha huuliza kumtengeneza kutagharimu pesa ngapi. Mimi huwauliza mambo mengine: una nyumba ya nani, una watu gani, na ni jambo gani ambalo watu wa nyumba hiyo hawapendi litajwe?

Kila ninayefanya naye kazi humpa filamu moja aitazame kabla hajaandika mstari wowote. Ni Dementia 13 ya mwaka 1963. Aliyeiongoza ni Francis Ford Coppola, yule aliyekuja kutengeneza The Godfather mwaka 1972. Wakati ule alikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, fundi wa sauti katika filamu ya mbio za magari ambayo mtayarishaji Roger Corman alikuwa akiipiga Ulaya. Kazi ilipokwisha zikabaki pesa kidogo na vifaa, na waigizaji walikuwa hapo hapo. Coppola akamwomba Corman amwachie apige filamu yake. Akapewa kama dola 22,000, na yeye mwenyewe akapata karibu kiasi hicho hicho kwa kumuuzia mtayarishaji mmoja wa Uingereza haki za kuionyesha kule. Wakaenda Ireland, kwenye kasri la Howth karibu na Dublin, na waigizaji watatu wa filamu iliyotangulia wakawa ndio wakuu wa filamu mpya.

Hakukaa kungoja pesa za hadithi aliyoiota. Alitunga hadithi iliyotoshea watu, vifaa na fedha vilivyokuwapo. Mengine yote ninayoyashauri yanaanzia hapo.

Hadithi yenyewe ni ya urithi na msiba. Familia ya Haloran hukusanyika kila mwaka kumkumbuka Kathleen, binti mdogo aliyezama kwenye kidimbwi cha nyumbani. Mkaza mwana wao, Louise, amefiwa na mumewe ghafla usiku wakiwa kwenye mashua, moyo umesimama. Anajua kwamba mume akijulikana amekufa kabla ya mamake, yeye hatapata kitu. Basi anaitupa maiti ziwani, anakwenda kwa mavyaa na kusema mume amesafiri kikazi. Akifika anaiona huzuni ya yule mama, na anaamua kuitumia: atamfanya aamini kwamba roho ya Kathleen inazungumza kupitia kwake.

Hebu niambie ni nini hapo kilicho kigeni kwetu. Ni nyumba ngapi Mji wa Kale ambazo ndugu hawajakubaliana juu yake, ilhali kila mwaka wanakaa pamoja kumsomea marehemu hitima na kuna jina moja ambalo hakuna anayelitamka? Hofu iko tayari kwenye sebule ile. Kazi ya mwongozaji ni kukaa nayo kwa adabu na subira.

Tazama hasa pale Louise anapoingia kidimbwini usiku na vidoli vya marehemu, akitaka vije vielee juu wakati wa kumbukumbu. Chini ya maji anaona kitu ambacho yeye hakukiweka. Sitakueleza kinachomkuta anapotoka, ila yule uliyedhani ndiye utakayefuatana naye hadi mwisho hayupo tena, na filamu bado ina safari ndefu. Hakuna zimwi hapo. Kuna maji, giza, mwanamke mwenye hila, na dalili kwamba ndani ya nyumba kuna mtu mwenye maumivu makubwa kuliko hila yake.

Kisha tazama pale filamu inapolegea. Corman aliona damu haitoshi, akamtumia mwongozaji mwingine, Jack Hill, kuongeza mauaji ya mwindaji haramu. Kwangu mimi tukio lile limekaa pembeni, halihusiani na huzuni ya mtu yeyote. Miaka mingi baadaye Coppola alitoa toleo lake mwenyewe, akiwa ameyapunguza yale yaliyoongezwa. Mfadhili wako akikuambia uongeze maiti, muulize maiti hiyo ni ya nani na nani atamlilia.

Kuna filamu fupi tuliyoipiga Kibokoni, mtaa wa Mji wa Kale, katika nyumba ya zamani ya mawe ya matumbawe na boriti za mikoko. Mwenye nyumba, mama mtu mzima, alitukaribisha kila mahali isipokuwa chumba kimoja cha juu. Alisema hakifunguliwi, na hatukumhoji. Tulimwomba tu ruhusa ya kuupiga mlango ukiwa umefungwa, naye akakubali. Mswada ukageuka siku ile ile: mlango ukawa ndio kitovu, watu wa hadithi wakawa wanapunguza sauti kila wanapoupita, na hadi mwisho haufunguliwi. Tulipoionyesha, watazamaji walibaki wakibishana nini kilikuwa ndani. Gharama ya kitisho kile ilikuwa kibali cha yule mama.

Pesa kidogo ulizo nazo zipeleke kwenye sauti. Simu nzuri leo inatosha kwa picha, lakini maiki yake haitoshi, na Mombasa ina kelele zake. Kunguru hawanyamazi tangu alfajiri. Tuktuk zinapita, pangaboi linalalamika, friji inaanza kunguruma katikati ya maneno mazito, na adhana hutoka misikiti kadhaa kwa kupishana kidogo. Jua saa za swala na uzipangie mapumziko, kwa heshima na pia kwa faida yako. Zima friji. Kila chumba kirekodi kikiwa kitupu, dakika mbili tatu watu wametulia kabisa, kwa maana ukimya wa chumba kimoja haufanani na wa kingine, na utauhitaji ukihariri. Usiku, upepo wa kusi ukivuma, rekodi madirisha na boriti. Sauti hizo mtu wa pwani anazijua tangu utotoni, na ukizitia mahali pasipo pake atashtuka bila kujua kwa nini.

Mwanga wa magharibi ni mfupi mno kwetu. Jua likishazama, giza halikawii kuingia, kwa hiyo waigizaji wawe wamefanya mazoezi yote mchana. Lakini usiukwepe wakati huo. Ndio saa ambayo watoto wote huitwa waingie ndani, na mtazamaji wako aliitwa vile vile.

Ukitaka tukio la maji, muulize mvuvi kwanza. Wakati wa bamvua, maji yanapojaa na kupwa kuliko kawaida, bahari yetu hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na mchanga uliosimamia saa tisa huenda saa kumi na mbili usiwepo. Asiyejua kuogelea asiingie majini usiku, hata kama picha itapendeza namna gani.

Leseni ya kupiga filamu inatoka Bodi ya Kuainisha Filamu Kenya, na Fort Jesus iko chini ya Makavazi ya Taifa, kwa hiyo huko omba kibali chao pia, mapema. Majirani nao wapitie mmoja mmoja kabla ya usiku wa kwanza. Waeleze ni saa ngapi mtu atapiga mayowe na mayowe hayo yatatoka nyumba gani, ili asije mzee wa watu akatoka mbio na bakora kumwokoa mwigizaji wako.