Mama alidhani meli imezama: kuongea na nyumbani ukiwa safari ya baharini

Nianze na aibu yangu. Usiku wa tatu baharini mimi nimekaa sitaha ya juu nakula keki kama mtu asiye na deni hata moja Kampala, kumbe nyumbani Busia mama yangu ameshatandika mkeka na majirani watatu wamekuja kukaa naye. Kukaa naye kwa nini? Eti mimi nimezama.

Ilikuwa hivi. Dada yangu anafanya kazi Dubai miaka mingi sasa, Januari ya mwaka juzi akanilipia ile safari ya meli ya kitalii ya siku saba, mnatoka Dubai, Abu Dhabi, kisiwa cha Sir Bani Yas, mnafika hadi Doha alafu mnarudi. Mi ni mtu wa duka la jumla Kikuubo, pale Kampala, maji makubwa niliyokuwa nimevuka ni kivuko cha Nakiwogo kwenda Kalangala, basi. Mtoto wa kaka yangu, kamaliza S4, yaani kidato cha nne, yuko nyumbani anangoja matokeo, akaniomba jina la meli akaingia kwenye MarineTraffic, ile ya kufuatilia meli mtandaoni, akawa anamwonyesha jaja yake, yaani bibi yake, ndiye mama yangu, kale kaalama kanavyosogea kwenye ramani. Siku ya kwanza raha, siku ya pili raha, mtaa mzima unakuja kuangalia. Siku ya tatu kaalama kakasimama. Saa moja, mbili, tatu, kako palepale katikati ya maji, simu yangu haipatikani, na kijana bila kufikiri akaropoka, "Jaja, hii meli imesimama." Yaliyofuata mnayajua wenyewe.

Baadaye ndio nikaelewa mambo yanavyoenda. Meli inarusha taarifa zake kwa redio, na wanaozipokea ni vituo vya nchi kavu, sasa ikienda mbali na pwani vile vituo havisikii, kuna ya setilaiti lakini hiyo ndio wanailipisha, wewe wa bure unabaki unaangalia pale ilipoonekana mara ya mwisho. Haijasimama wala haijazama. Ila nani alimwambia mama yangu hayo? Hakuna. Hata mi nilikuwa sijui.

Na msimcheke. Kwetu sisi ukisema "chombo cha starehe majini" mtu anakumbuka ile mashua ya Novemba 2018 iliyozama kule Mukono, watu wametoka Kampala kwenda kula maisha ziwani, zaidi ya 30 wakafa. Mama hajui tofauti ya ile na meli yenye ghorofa kumi na kitu, na kwa nini aijue.

Kwa hiyo kosa langu la kwanza, na ndilo kubwa, ni kwamba siku naondoka nilimwambia "mama nitapiga kila siku". Usiseme hivyo bana. Ukiahidi kila siku, siku moja ikikosa umeshajitangazia msiba mwenyewe. Kesho yake nilipopata mtandao nikaongea na kijana na mama pamoja tukaweka mpango mwingine: nitatuma neno meli ikifika bandarini, na siku ambayo tuko baharini tu mjue kimya ni kawaida, kimya maana yake niko sawa nimelala au nakula. Bandari mbili zikipita hamjasikia kitu, hapo ndio mpige ile namba ya dharura. Mama akauliza, "Kwa hiyo usipoongea ndio uko mzima?" Nikamwambia ndiyo. Akasema haya, dunia imekuwa ya ajabu, lakini usiku ule alilala.

Hiyo namba ya dharura iandike kwenye karatasi, si kwenye simu. Kampuni za meli huwa na namba ya ofisi ya nchi kavu ya kupiga kukiwa na shida ya kweli, mtu kafariki, mtoto yuko hospitali, wao wanafikisha ujumbe hadi chumbani kwako. Watataka jina la meli, jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, namba ya tiketi na namba ya chumba kama unayo. Mi niliyaacha yote kwenye WhatsApp ya kijana, na siku ya ile kesi kijana chaji imeisha na umeme umekatika, sasa we niambie. Siku hizi karatasi inakaa nyuma ya kalenda ukutani kwa mama.

Sasa simu yenyewe. Meli ikiwa bandarini unashika mtandao wa mji, sawa. Ikishatoka mbali inawasha mnara wake yenyewe unaoongea na setilaiti, na simu yako kwa ujinga wake inaushika tu bila kukuuliza, unaona juu ya skrini jina geni la mtandao. Hapo usipoteze hata dakika, weka flaiti modi alafu washa waifai peke yake. Bei ya ule mnara wa melini ni ya kulia, na si lazima upige, WhatsApp ikijifungua yenyewe huko nyuma kuangalia meseji imeshakula. Mi laini yangu ni ya salio, shilingi elfu tisa zilizokuwemo ziliisha nikiwa bado nashangaa bahari, nikapona. Dada yangu laini yake ni ya kulipia mwisho wa mwezi. Bili ilipokuja hakunionyesha, alinitumia emoji tu ya mtu anayelia, na ninavyomjua dada yangu yeye si mtu wa emoji.

Kuna watu watakuambia nunua eSIM ya nchi nyingi, ile laini isiyo na kadi, mambo yameisha. Haijaisha. Zile nyingi zinatumia minara ya nchi kavu, bandarini itakusaidia, katikati ya bahari haina kazi.

Kinachobaki ni waifai ya meli. Yetu ilikuwa zaidi ya dola 15 kwa siku kwa simu moja, ndiyo, kwa siku, nilipiga hesabu ya bando za Kampala nikafunga kikokotoo. Lakini kuna namna. Mara nyingi ukinunua kabla ya kupanda ni nafuu kuliko kununua ukishaingia, na huwa wana vifurushi viwili vitatu, cha chini ni cha meseji na mitandao, cha juu ndio cha vidio, cha chini kinakutosha kama hukwenda huko kuangalia mpira. Alafu wanahesabu simu, hawahesabu watu, yaani mi na dada tulinunua kimoja, mmoja akimaliza anatoka mwingine anaingia kwa neno lilelile la siri. Tuligombana mara moja tu. Ila uliza kwanza kama kifurushi chenu kinaruhusu, na ukishaingia zima ile kazi ya simu kupandisha picha yenyewe, maana itakuvutia mtandao wote wakati wewe unatafuta kutuma "nimefika". Kuongea nyinyi kwa nyinyi mle ndani hakuna haja ya kununua chochote, simu ya chumbani kwenda chumba kingine kwetu ilikuwa bure.

Na ushauri wangu kwa wenye wazazi kama wangu, sahau vidio kolu, tuma voisi. Mama anatumia katochi, ile ya vitufe na tochi, hataki nyingine, anasema ya kupapasa inamshinda. Kwa hiyo mi narekodi dakika moja, natuma kwa kijana, ikifika ikachelewa hakuna shida, kijana anaweka spika kubwa mama anasikia, alafu naye anajibu. Hata mtandao ukiwa wa kubahatisha voisi inajipenyeza. Na we ngoja usikie voisi ya nyumbani ukiwa katikati ya bahari. Ya kwanza mama aliyonitumia alikuwa hajui imeanza, nasikia malori yanapiga honi kwenye foleni ya mpakani, kuku, mtu anauza mahamri anapita, mama anamuuliza kijana "niseme sasa?" mara tatu, alafu ikakatika. Hiyo ninayo mpaka leo, sijaifuta.

Nisisahau hii maana inawachanganya wengi. Ukiwa Dubai au Abu Dhabi kwa mtandao wa mji, WhatsApp meseji zinaenda, voisi zinaenda, lakini kupiga simu ya WhatsApp haiendi, wameizuia. Ndio maana watu wetu wengi wa huko wako BOTIM, programu nyingine ya kupiga simu mtandaoni. Kama unataka kupiga ukiwa bandarini, kijana wa nyumbani awe na BOTIM tayari kabla hujaondoka Entebbe, usianze kumfundisha kwa meseji. Picha nazo usizitupie Facebook ukategemea watu wa nyumbani wazione, tangu ilipofungwa Uganda Januari 2021 wengi wetu tunaiingia kwa VPN, ile programu ya kupita kizuizi, kama tunaiba.

Saa pia itakuchezea. Dubai wako mbele yetu saa moja, Doha wako sawa na sisi, na meli nayo ina saa yake inayotangaza, hiyo ndio ya kufuata kwa kurudi bandarini maana meli haimngoji mtu. Usiku wa kwenda Doha meli ikarudisha saa nyuma, simu yangu kwa sababu iko flaiti modi ikabaki na ya Dubai. Nikamtumia kijana saa mbili kamili usiku kama tulivyokubaliana, kimya. Dakika kumi, ishirini, arobaini. Nikaanza mimi sasa, mama amefanya nini, presha imepanda? Kumbe kwao ni saa moja, mama bado yuko sokoni anafunga meza yake na kijana anambebea magunia. Dada alicheka hadi akakaa chini.

Pesa zimalize kabla. Benki yangu ukitaka kutuma kitu inakuletea kanamba ka kuthibitisha kwa meseji ya kawaida, na laini ikiwa flaiti modi hiyo meseji haiji, unabaki unaangalia skrini. Na Januari kwetu unajua ni mwezi gani, karo zinanusa. Mi niliacha za watoto kwa kaka mapema. Na kama hujaziacha, nakuomba kama ndugu, usitume picha ya meza ya chakula cha melini kwenye grupu la ukoo. Nilituma moja tu, ya matikiti yaliyochongwa kama bata, kabla ya kulala nilikuwa na maombi manne ya karo na moja la mabati.

Siku ya mwisho tumerudi Dubai nikarekodi voisi ndefu nikimwelezea mama kila kitu, jangwa, bahari, chakula, dakika saba nzima. Jibu likaja baada ya muda, sekunde tisa: "Umefika. Sawa. Lakini maneno yako ni mengi, bando la mtoto linaisha."