Kuandika na kuchora kitabu cha picha mwenyewe: uanze na maneno au michoro?

Mleta mada, umesema una hadithi ya watoto yenye maneno kama 2,000, kuchora unajua, na unauliza utangulize maandishi au picha. Kazi hii ya kuandika na kuchora ndiyo inayonilisha, na ninavyoona mimi, usitangulize lolote kati ya hayo mawili. Chukua karatasi 8 za A4, zipange pamoja, zikunje katikati, zibane kwenye mkunjo. Umepata kijitabu cha kurasa 32. Anzia humo, ukiandika na kuchora kwa penseli.

Idadi hiyo inatokana na kiwanda. Karatasi kubwa huchapwa pande zote mbili, kisha hukunjwa ikatoa kurasa 8 au 16, ndiyo maana vitabu vingi vya picha vina kurasa 32. Ukitoa ukurasa wa jina, wa hakimiliki na wa kutabaruku, unabaki na jozi kama 14 za kurasa zinazotazamana. Sasa gawanya maneno yako 2,000 kwa 14: kila jozi inabeba zaidi ya 140, na picha inakosa pa kukaa. Vitabu vingi vya watoto wadogo siku hizi havifiki hata maneno 1,000, na wahariri wengi wanapenda 500 au pungufu.

Kwa hiyo utapunguza, na hapo ndipo wewe unayeshika kalamu na brashi unamzidi mwandishi asiyechora. Futa kila sentensi inayoeleza kitu ambacho macho yatakiona: rangi ya gauni, urefu wa mti, tabasamu. Bakiza kile ambacho picha haiwezi kukisema, yaani sauti, harufu, muda uliopita, neno alilolitamka mtu. Kisha jaribu jambo gumu zaidi, maneno na picha zisikubaliane. Maandishi yaseme, “Sijaigusa rangi, mama,” huku ukuta mzima umejaa alama za viganja vidogo. Mtoto asiyejua kusoma atacheka kabla ya mtu mzima anayemsomea, kwa sababu yeye anaangalia picha wakati mwenzake anafuata mistari. Randolph Caldecott, mchoraji wa vitabu vya watoto wa Uingereza aliyefariki mwaka 1886, aliliweza sana jambo hili: alichukua mashairi mafupi ya watoto, michoro yake ikaongeza visa ambavyo shairi halikuvitaja kabisa. Ukipata vitabu vyake, vitazame polepole.

Kitu cha pili ni kufunua ukurasa. Kwenye skrini hukioni, ndiyo maana nasisitiza karatasi. Ukurasa wa kulia ndio wa mwisho kuonekana kabla mkono haujafunua, basi weka hapo swali, mlango uliofungwa, mkia unaochungulia pembeni. Jibu likae upande wa pili. Nikiona mtoto anashika kona ya karatasi kabla sijamaliza kusoma, najua jozi hiyo imekamilika. Akianza kuangalia kwingine, sihangaiki na michoro kwanza. Nahamisha tukio, au nafuta jozi nzima. Kwenye kijitabu cha penseli hilo ni kazi ya dakika chache.

Mhusika mchore mara nyingi kabla ya kuanza picha halisi: mbele, nyuma, pembeni, akikimbia, akilia, amelala. Watoto ni wakali. Kitufe kikihama kutoka shati moja hadi jingine watakuuliza, na ukiandika mbuzi watatu watawahesabu.

Ya ufundi nayagusa tu. Uso wa mhusika usiangukie kwenye mkunjo wa katikati. Acha nafasi tulivu ya maandishi tangu mchoro wa kwanza. Rangi ivuke ukingo wa ukurasa kwa milimita 3, maana kisu cha kiwanda hakikati palepale. Skani kwa nukta 300 kwa inchi katika ukubwa wa kuchapwa, au zaidi. Na kijani kinachong'aa kwenye kompyuta hupoa kikigeuzwa kuwa wino, hivyo omba nakala ya majaribio.

Kuhusu pesa: mwandishi na mchoraji wakiwa watu wawili, mrabaha, yaani fungu la mauzo ya kitabu, kwa kawaida hugawanywa kati yao. Ukifanya yote mawili unabaki wako, ila kazi ya miezi mingi inakuwa yako peke yako, na malipo ya awali yapangwe kwa kuzingatia hilo.

Ukiwa tayari kupeleka kwa mchapishaji, peleka maandishi, kijitabu cha penseli na picha mbili au tatu tu zilizokamilika. Usipake rangi kurasa zote. Mhariri atahamisha matukio, pengine atabadilisha hata umbo la kitabu, na picha iliyomalizika inakuwia vigumu kuikata hata unapoona kabisa kwamba hadithi haiihitaji.