Asilimia ya vifo pekee haimpimi daktari bingwa

Ndugu mleta uzi, umeuliza kama ni haki kamati yenu kuwapanga madaktari bingwa wa upasuaji, wa kwanza hadi wa mwisho, kwa asilimia ya wagonjwa waliofariki. Kazi yangu ni takwimu za hospitali hapa Pemba, na jibu langu ni hapana. Asilimia hiyo inapima wagonjwa kuliko inavyompima daktari.

Tuseme bingwa wa kwanza kapasua watu 100, wakafariki 6. Wa pili kapasua 40, akafariki 1. Kwa asilimia, 6 dhidi ya 2.5, wa pili kashinda. Sasa fungueni daftari la chumba cha upasuaji. Kwa wa kwanza mtakuta utumbo uliotoboka, dharura za saa nane usiku, mzee mwenye sukari na figo dhaifu, mama aliyeletwa kwa boti kutoka Kisiwa Panza keshazidiwa. Kwa wa pili: ngiri, ngiri, uvimbe wa ngozi, ngiri.

Kinachotakiwa ni kukadiria hatari ya kufariki ya kila mgonjwa kwa hali aliyokuja nayo. Kipimo cha POSSUM, kilichotolewa Uingereza mwaka 1991, kinatazama mambo 12 ya mwili wa mgonjwa na 6 ya upasuaji wenyewe. Jumlisheni hatari za wagonjwa wote wa daktari mmoja, mtapata vifo vilivyotarajiwa. Kisha gawanyeni vilivyotokea kwa vilivyotarajiwa. Wa kwanza akitarajiwa 8, anapata 0.75. Wa pili akitarajiwa nusu kifo, anapata 2. Meza imepinduka.

Lakini msikimbilie kumhukumu wa pili, maana hiyo nayo ni dhulma. Panapotarajiwa nusu kifo, kupata kifo kimoja au zaidi kwa bahati tu kuna uwezekano wa asilimia 39 hivi. Hata 6 au pungufu panapotarajiwa 8 hutokea karibu mara moja katika tatu. Kwa hesabu hizi hamuwezi kusema nani bora, na kamati iwe na ujasiri wa kuliandika hilo.

Kwetu kesi ni chache, kwa hiyo unganisheni miaka kadhaa. Tumieni pia njia inayotokana na kazi ya wanatakwimu James na Stein ya mwaka 1961: matokeo ya kila mtu yanavutwa kuelekea wastani wa wote, na mwenye kesi chache avutwe zaidi. Anayebaki mbali hata baada ya hapo, someni mafaili yake, msimpe barua ya onyo.

Tahadhari mbili. POSSUM ya awali ilizidisha makadirio ya vifo kwa wagonjwa wenye hatari ndogo, ikabidi irekebishwe kule Portsmouth, Uingereza. Nanyi ipimeni kwanza kwa rekodi zenu. Na fomu ya hali ya mgonjwa ijazwe na mtaalamu wa usingizi kabla ya kisu, si na daktari anayepimwa.