Barua kwa mwanangu: lile Prado la milioni 18

Mwanangu,

Ujumbe wako nimeupata, na sisi huku Moshi hatujambo. Unauliza kama Prado la dizeli la mwaka 1997, injini ya 1KZ, namba A (herufi za kibao zinaanza na A, yaani lilisajiliwa zamani), linalouzwa hapo Arusha kwa milioni 18, bei yake ni ya haki au dalali anakupiga. Kwa hali uliyonieleza, ya moshi mweusi na matairi ya kubadilisha, hiyo bei ni kubwa. Lakini ukubwa wake hautokani na umri wa gari.

Umri wenyewe haushushi bei kama watu wanavyodhani. Ukiagiza leo gari la miaka hiyo kutoka Japani utalipa ushuru wa ziada kwa sababu ya uchakavu, kwa hiyo yaliyokwisha kuingia nchini yanashikilia thamani. Mjomba wako anayesema "la '97 hilo, mpe milioni 8" atazunguka mji mzima bila kupata. Kinachoshusha bei ni kazi inayokungoja baada ya kununua. Chukua bei ambayo gari la aina hiyohiyo, lililo zima, limeuzwa kweli, siyo iliyoandikwa kwenye tangazo, kisha toa gharama ya kulifikisha hili hapo. Umesema mwenzako kazini aliuza la kwake, lililotunzwa, kwa milioni 16. Anzia hapo. Hiyo 18 ina cha juu cha dalali ndani yake.

Ukiambiwa "nunua uwashe tu", "injini haijaguswa", "lilikuwa la mama mmoja wa kwenda kanisani", wewe tabasamu. Kilometa za kwenye dashibodi nazo zinarudishwa nyuma. Raba ya pedali ya breki iliyolika inasema ukweli zaidi. Rangi, redio na viti visikupotezee muda.

Muda wako upeleke kwenye injini, hasa hedi, ile sehemu ya juu inayofunika silinda. Hapo ndipo 1KZ huumia. Bloku yake ni ya chuma, hedi ni ya aluminiamu, na ikichemka vibaya hedi hupinda au hupata ufa. Huku kwetu watu wanajaza rejeta maji ya bomba mwaka hadi mwaka, kutu inaziba njia, siku gari limebeba mzigo na kukutana na mlima linachemka. Mwenye gari anaongeza maji, anaendelea na safari, na mwakani anauza.

Kwa hiyo nenda asubuhi na mapema, na uwaambie wasiliwashe kabla hujafika. Baridi hii ya Julai inakusaidia. Weka kiganja kwenye boneti. Ikiwa ya moto, aga, useme utarudi kesho. Ikiwa ya baridi, fungua mfuniko wa rejeta uangalie maji. Yakiwa ya kahawia kama chai ya rangi, au yana utando wa oili juu, hiyo ni habari mbaya. Kisha waambie wawashe mfuniko ukiwa bado wazi. Viputo vichache vya mwanzo havina neno, lakini vikiendelea kupanda bila kukoma, ni gesi ya silinda inapenya kwenye maji. Simama pembeni, usiinamie.

Angalia na moshi. Mweupe wa kuwasha unaokatika baada ya muda mfupi si tatizo. Mweupe unaoendelea hata injini ikishapata moto, huku maji yanapungua, unakurudisha kwenye hedi. Wa bluu ni oili inaungua. Fungua pia mfuniko wa oili injini ikiwa inaunguruma: ikipumua kwa nguvu na kutoa moshi hapo, ringi za pistoni zimechoka. Baada ya hapo lipandishe mlima wa Ilboru mkiwa wengi ndani, AC imewashwa, jicho lako kwenye geji ya joto. Mshale ukipanda kupita pale ulipozoea kukaa, umeshapata jibu.

Hedi ikiwa na shaka, usiombe punguzo. Ondoka. Hakuna anayejua atakachokikuta fundi akishafungua, na punguzo la milioni 2 linaweza kuishia hapo hapo mezani kwake.

Ule moshi mweusi uliouona ukikanyaga mafuta ni jambo jingine, huo unapigika hesabu. Mara nyingi ni nozo zinazopuliza dizeli kwenye injini, chujio la hewa au pampu ya dizeli. Gari la namba A limeishi hapa zile enzi za uchakachuaji, dizeli ikichanganywa na mafuta ya taa, kabla serikali haijapandisha ushuru wa mafuta ya taa mwaka 2011, na dizeli iliyochanganywa hailainishi pampu inavyotakiwa. Nozo zipelekwe kwa wenye mashine ya kuzipima, siyo fundi wa kusikiliza kwa sikio.

Sasa hesabu. Nimemuuliza fundi wangu. Matairi manne, milioni 1 na nusu. Mkanda wa taiming pamoja na beringi zake na pampu ya maji, laki 5. Kama muuzaji hana risiti ya lini ulibadilishwa, hesabu kwamba haujabadilishwa. Nozo, laki 6. Jumla milioni 2 na laki 6. Ukitoa kwenye 16 unabaki na 13 na laki 4. Mimi ningeanza na 12 na nusu, na nisingevuka hiyo 13 na laki 4 hata dalali alie machozi.

Kuhusu lile gari la pili ulilonitajia, Land Cruiser lililotoka kampuni ya utalii, nalo usilidharau. Injini yake, 1HZ, haina mambo ya umeme kama hiyo 1KZ na mafundi wake Arusha wamejaa. Ila limepigwa na makorongo ya njia ya Serengeti kwa miaka, hivyo ingia chini na tochi utafute nyufa na welding kwenye chesisi. Na kama bado lina kibao cheupe cha biashara, uliza kwanza utaratibu wa kulihamishia kwenye cha njano.

Namba ya chesisi na ya injini zisome mwenyewe kwenye gari, ulinganishe na kadi. Injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa TRA itakusumbua wakati wa kuhamisha umiliki. Angalia pia kama lina deni la faini za trafiki, na pesa uitoe mkiwa pamoja na mwenye jina kwenye kadi, dalali akiwepo kama shahidi tu.

Jumamosi naweza kuja na fundi kwa basi la kwanza. Mwambie dalali gari lilale bila kuwashwa.

Baba yako