Miche ya maharage kutoka kitalu nyumba: izoeshe kwanza

Pole sana ndugu yangu wa Uyole. Unasema miche ilinawiri kitalu nyumba, ukaitoa yote asubuhi moja, na kesho yake majani yakawa na mabaka meupe. Huo si ugonjwa, usipoteze hela kwenye dawa. Ni jua. Jani lililokulia chini ya nailoni ni laini, halijawahi kukutana na jua kali wala upepo wetu wa milimani. Mabaka hayo hayatafutika, ila chungulia kileleni: ukiona kijani kichanga kinajikunjua, mche huo utapona.

Miche iliyobaki hai izoeshe siku 7 hadi 10. Anza na masaa mawili kivulini, uirudishe ndani, halafu uongeze muda na jua kidogo kidogo. Maji punguza, lakini isinyauke. Usiku ndiyo ninaouogopa zaidi. Niko Mufindi, na huku Juni na Julai unaweza kuamka ukakuta sakitu, yaani umande ulioganda, nyeupe kwenye nyasi. Maharage hayaivumilii hata kidogo.

Hamisha jioni. Mwagilia trei kwanza, kisha sukuma kwa kidole kutoka chini ili bonge la udongo litoke zima, maana mizizi ya maharage ikikatika mche hudumaa. Fukuafukua shimo uangalie sota, yule kiwavi wa udongoni, anakata shina usiku mmoja tu.

Na kwa kweli, msimu ujao mvua zikishakolea, panda mbegu moja kwa moja shambani. Maharage huota haraka, hayahitaji kitalu.