Namba ya JEE na kiti cha chuo: niliyojifunza Pune

Niliishi Pune, India, miaka sita, kwanza nikiwa mwanafunzi na baadaye mfanyakazi, katika chumba cha juu cha nyumba ya familia moja ya Kimarathi. Tangu nirudi Dar es Salaam, kila ifikapo mwezi wa sita hupigiwa simu na wazazi wa Kihindi ninaofahamiana nao pale Upanga, ambao watoto wao wamefanya mtihani wa JEE wa kuingia vyuo vya uhandisi vya India, na swali huwa ni lile lile: mwanangu amepata namba fulani, je, atapata chuo gani? Jibu langu la kwanza huwakera kidogo, kwa sababu huwarudishia maswali matatu: namba hiyo ni ya mtihani upi, ni ya orodha ipi, na kwenu ni jimbo gani? (Kiswahili chetu hutumia neno "nafasi" kwa mpangilio wa ufaulu, kwa kiti cha chuo na kwa uwezekano wa kukipata, kwa hiyo hapa nitasema "namba" na "kiti" ili tusichanganyane; na namba ndogo ndiyo bora.)

Swali la mtihani upi linaonekana la kitoto, lakini ndilo linaloleta vilio. JEE Main hufanyika mara mbili kwa mwaka, na namba yake ndiyo inayotumika kugawa viti vya NIT, vyuo vya teknolojia vya taifa, ambavyo ni 31. Wanafunzi wapatao 250,000 wanaofanya vizuri zaidi huruhusiwa kufanya JEE Advanced, ambao una orodha yake peke yake, na ndiyo inayofungua milango ya IIT 23, vyuo vya teknolojia vyenye sifa kubwa kuliko vyote. Mtu mwenye namba 9,000 katika mtihani wa kwanza na mwenye namba 9,000 katika wa pili hawako foleni moja. Tena kufaulu Advanced si kupata kiti: mwaka 2024 walifaulu 48,248, ilhali viti vya IIT vilikuwa 17,740. Vivyo hivyo mzazi asidanganyike na pasentaili ya 99, yaani kuwazidi asilimia 99 ya watahiniwa, akadhani mtoto amepata alama 99 kwa mia. Mwaka huo waliofanya JEE Main walizidi milioni 1.4, kwa hiyo mwenye pasentaili 99 alikuwa na watu wapatao 14,000 mbele yake.

Kuhusu orodha, kila fani katika kila chuo haina namba moja ya mwisho, yaani ya mtu wa mwisho kupata kiti, bali ina namba nyingi. Sheria za India zinatenga asilimia 27 ya viti kwa makundi ya OBC (jamii zilizobaki nyuma kijamii na kielimu) yasiyo na uwezo mkubwa, 15 kwa SC (matabaka yaliyobaguliwa tangu zamani), 7.5 kwa ST (makabila ya asili), na tangu 2019 asilimia 10 kwa familia zenye kipato kidogo zisizo katika makundi hayo. Katika NIT, nusu ya viti huenda kwa watoto wa jimbo chuo kilipo. Tangu 2018 kuna pia viti vya wasichana vilivyoongezwa juu ya vilivyokuwapo. Sasa, katika majedwali ya JoSAA, mamlaka ya pamoja inayogawa viti vya IIT na NIT, mstari wa kundi lililotengewa viti huandikwa namba ya ndani ya kundi hilo, wala si namba ya jumla. Nimemwona baba akikata tamaa kwa kulinganisha namba ya jumla ya mwanawe, iliyokuwa kama 40,000, na mstari wa kundi lao ulioishia kwenye 13,000, kumbe namba ya kijana ndani ya kundi ilikuwa pungufu ya hiyo na kiti kilikuwa chake.

Soma basi mstari wako mwenyewe, katika awamu ya mwisho ya ugawaji, kwa miaka mitatu hivi mfululizo. Namba ya awamu ya kwanza hutisha bure, kwa kuwa watu huachia viti na namba husogea nyuma. Tovuti zinazobashiri chuo nazo zinafaa kwa kuanzia tu. Nyingine hazikuulizi hata jimbo lako.

Lakini kosa lililoniuma kuliko yote halikuwa la kusoma namba. Mwaka 2019 binti wa mwenye nyumba wangu alikuwa na namba nzuri, si ya ajabu. Usiku wa kufunga orodha ya machaguo tulikaa sakafuni sebuleni, kompyuta mpakato juu ya stuli, mama yake, niliyemwita Kaki, akituletea chai kila baada ya nusu saa na daftari lake lenye namba za miaka ya nyuma alizozinakili kwa kalamu nyekundu. Binti alitaka uhandisi wa kompyuta katika chuo cha mbali. Baba yake aliogopa kwamba akiweka vyuo vikubwa juu, mfumo utamwona ana tamaa na kumnyima vyote, kwa hiyo mstari wa kwanza ukaandikwa chuo cha karibu chenye fani asiyoipenda, na mimi, ambaye sikuwa na uhakika, nikanyamaza. Awamu ya kwanza ikampa hicho hicho. Awamu za mwisho zilipotoka, ile fani aliyoitaka ilifungwa kwenye namba iliyokuwa nyuma ya yake kwa mia tisa na kitu. Yeye hakuweza kuhamishwa, kwa sababu mfumo humpandisha mtu kuelekea chaguo lililo juu ya alilopewa, na juu ya la kwanza hakuna kitu.

Mfumo hauadhibu tamaa. Huanza na chaguo lako la juu. Namba yako isipotosha, hushuka hadi la pili, na kile cha tatu hakipotei kwa sababu uliomba cha kwanza. Kwa hiyo panga kwa kupenda, kuanzia unachokitaka kweli hata kama kinaonekana ndoto, kisha vile ambavyo namba yako inavigusa, na mwisho weka vya uhakika, vingi vya kutosha, kwa kuwa orodha ikishafungwa haibadilishwi katika awamu zinazofuata. Ukipewa kiti utaulizwa uamuzi: kukubali na kuishia hapo, kukubali huku ukisubiri chaguo lolote la juu, au kukubali huku ukisubiri fani bora ndani ya chuo hicho hicho tu. Mtu asiye na hakika achague la kati, mradi amelipia na vyeti vyake vimekubaliwa.

Vyeti hivyo havina mchezo. Cheti cha OBC kinatakiwa kiwe kimetolewa kuanzia tarehe 1 Aprili ya mwaka huo huo wa udahili, na asiyekuwa nacho hurudishwa kushindana katika kundi la wazi, lisilotengewa viti. Kijana wa jirani yetu alikuwa na cha mwaka uliotangulia, na aligundua siku mbili kabla ya dirisha kufungwa. Baba yake aliwasha pikipiki alfajiri kwenda wilayani, akarudi jioni shati likiwa limelowa mvua ya masika ya kule, na cheti kikiwa ndani ya mfuko wa maziwa alioufunga mafundo mawili.