Tenki la pikipiki ya zamani: kutu inatoka, kazi iko kwenye kukausha

Wadogo zangu mlioingia gereji juzi juzi, na nyie mliorithi pikipiki ya Honda XL 125 ya marehemu babu au mmeuziwa Yamaha DT ya bwana shamba mstaafu mnataka kuifufua, leo naongelea tenki tu. Injini mtapata wa kuwafundisha kila kona. Tenki naona watu wanalichukulia kama ndoo, linatiwa kokoto linatikiswa, linasuuzwa, linapigwa rangi mpaka unajiona usoni, afu baada ya muda kidogo kabureta imejaa unga mwekundu na mwenye pikipiki anaapa kabureta ndo mbovu. Kabureta haina kosa hapo. Na kumbuka tenki la Boxer au TVS ukiliharibu unaenda dukani unachukua jingine, ila la hizi za zamani mpaka upate bahati mtaa wa Gerezani, kule Dar kwenye spea, na ukilipata unaweza kukuta limeoza kuliko lako.

Kabla ya kutu tuongee moto. Tenki tupu ni hatari kuliko lililojaa, na wengi hawaamini hili mpaka waone. Petroli ya maji maji yenyewe haiungui, kinachoungua ni mvuke wake ukishachanganyika na hewa, na mvuke ukifika kama asilimia 1.4 tu ya hiyo hewa tayari unashika, kwahiyo kile kijitone kilichojificha kwenye mshono kinatosha kabisa. Halafu mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa chini humo humo ndani hata kama mfuniko umeuacha wazi siku nzima. Fundi wa kuchomelea akikwambia "lete tu kaka, mi nimezoea", chukua tenki lako uondoke. Lioshwe kwa maji ya moto na sabuni ya unga tena na tena, afu lijazwe maji mpaka karibu na pale panapochomelewa, pabaki nafasi ndogo tu na tundu la mvuke kutokea. Na kuchungulia ndani tumia tochi ya simu, sio kibiriti, nasema hivi kwasababu nimeona watu wazima wakitaka kuwasha kibiriti "kuona kama mafuta yameisha".

Haya, umelishusha. Toa koki, toa mfuniko, toa kila kitu cha aluminiamu na mpira, maana dawa za kutu hazina urafiki na hivo vitu. Chungulia. Kutu ya rangi ya chungwa nyepesi kama vumbi haitishi, ni ya juu juu. Ile ya magamba meusi inayobanduka vipande ndo ya kuihofia, hasa sehemu ya chini kwenye yale mabawa mawili yanayokaa kulia na kushoto mwa chesesi, kwasababu maji ni mazito kuliko petroli na yakiingia humo hayatoki. Hata ukiweka koki kwenye rizevu, yaani mafuta ya akiba, bado kuna maji yanabaki chini ya mdomo wa bomba lake. Ndo maana matenki mengi yanatobokea chini, juu kuzima kabisa.

Kupima matundu ni rahisi. Pitisha chaki nje kwenye mishono yote na tumboni, mimina mafuta ya taa ndani, acha mpaka kesho yake. Mafuta ya taa yanapenya hata pale ambapo maji yanashindwa, na chaki ikilowa utaona doa lilipo. Zile mbinu za kupaka sabuni ya mche kwenye tundu zinafanya kazi kweli, petroli haiyeyushi sabuni, ila hiyo ni ya kukufikisha nyumbani, usije ukapaka puti na rangi juu yake ukamkabidhi mteja.

Kutoa kutu sasa. Kama ni nyepesi, tumia sitriki, ule unga mweupe mchachu wanaoweka watengeneza juisi na pipi, bei yake sio mbaya. Gramu 50 mpaka 100 kwa lita moja ya maji ya uvuguvugu, jaza tenki mpaka shingoni, ziba, acha usiku mzima. Lazima ujaze mpaka juu, ukijaza nusu ile nusu ya juu inabaki na kutu na pale maji yalipoishia panaliwa mstari. Siki nayo inafanya kazi ila inachukua siku nyingi. Wale wa asidi ya betri tafadhali acheni, inakula kutu inakula na bati, na bati la tenki la zamani ni jembamba tayari.

Kama kuna magamba, hapo napenda umeme na magadi. Magadi haya haya ya sokoni, ya kupikia makande na maharage. Vijiko viwili vitatu vikubwa kwa kila lita tano za maji, koroga, acha uchafu utulie chini, mimina maji ya juu kwenye tenki. Tafuta chaja ya betri ya gari ya volti 12, ile ya kizamani isiyo na akili nyingi, maana za kisasa zisipoona betri zinagoma. Waya wa negativu unabana kwenye tenki, sehemu uliyokwangua rangi mpaka bati. Waya wa pozitivu unabana kwenye kipande cha nondo kinachoning'inia ndani kupitia mdomo wa tenki, na hiyo nondo ISIGUSE tenki popote, ivalishe kola ya plastiki au mpira wa tyubu pale mdomoni. Ukiwasha utaona povu linapanda, rangi ya kahawia, linanuka kidogo, na nondo ukiitoa baada ya masaa kadhaa imevaa ute mweusi na mwekundu, isugue uirudishe. Ukikosea waya ukageuza, kinacholiwa ni tenki, kwahiyo angalia mara mbili. Usitumie stenlesi badala ya nondo, inatoa kemikali ya kromiamu ambayo ni sumu, na usiweke chumvi ya mezani kwenye maji kwasababu inatoa gesi ya klorini. Yale mapovu yenyewe yana haidrojeni ambayo inalipuka, kwahiyo kazi hii ni nje, chini ya mti, hakuna anayevuta sigara, na unazima chaja ukutani kwanza ndo unagusa zile klipu. Uzuri wa njia hii ni kwamba haili bati zima, inashughulika na kutu tu.

Ukitaka kusaidia kwa kutikisa na nati, zihesabu kabla hujaziingiza. Nati moja itajibana kwenye lile handaki la katikati na utakuja kuisikia inagonga siku pikipiki iko barabarani. Sumaku kwenye waya inasaidia.

Mpaka hapa mtoto yeyote anaweza. Sasa ndo tunafika pale wanapoanguka watu wazima.

Bati likishatoka kwenye dawa liko uchi. Halina kutu, halina rangi, halina mafuta, na kwa hewa yetu hii ya Dar, Tanga au Unguja litashika kutu mpya wakati unakunywa chai. Siongezi chumvi, ni dakika chache tu unaona rangi ya chungwa inatambaa. Kwahiyo kabla hujamwaga dawa, kila kitu cha kukaushia kiwe tayari mezani. Suuza kwa maji mengi, zungusha maji yenye bekingi soda kuua asidi kama ulitumia sitriki, suuza tena haraka, likung'ute, afu mimina spiriti kama nusu lita uzungushe kila upande na uimwage, maana spiriti inashikana na maji na kuondoka nayo. Baada ya hapo upepo. Ila upepo wa BARIDI, kwasababu mvuke wa spiriti nao unawaka, ukiingiza drayer ya saluni yenye koili nyekundu ndani ya tenki lenye spiriti umetengeneza bomu. Ukitaka kutumia drayer basi ruka spiriti kabisa, tumia joto peke yake. Na kompresa ya gereji kabla hujaitumia fungua koki yake ya chini, mwaga maji. Kompresa nyingi huku pwani zinatema maji, unafikiri unakausha kumbe unamwagilia.

Likikauka, hapo hapo, sio baada ya chakula, weka robo lita ya oili ya 2T, ile ya kuchanganya na petroli, uliyoilainisha na mafuta ya taa kidogo, geuza tenki pande zote, lisimamishe kila upande kidogo, na mwishoni mwaga ya ziada. Kama unalifunga siku hiyo hiyo kwenye pikipiki unaweza kujaza petroli moja kwa moja.

Zile rangi za kupaka ndani ya tenki mimi sizipendi, labda kama kuna vitundu vidogo vidogo. Zikipakwa kwenye bati lenye unyevu au oili zinabanduka baada ya muda, na kubandua hiyo ngozi ni kazi ngumu kuliko kutu yenyewe.

Ya nje sitasema mengi. Tumia rangi yenye hadena, ile dawa ya kuikaza, kwasababu rangi ya kopo la kupuliza ikidondokewa na petroli wakati wa kujaza inalainika na kuvimba. Na msiingize upepo wa kompresa kuondoa bonde, tenki halikutengenezwa kushika presha, litavimba kama chapati au litapasuka.

Kuhifadhi. Kama pikipiki inasimama mwezi mmoja au miwili jaza petroli karibu mpaka juu, acha nafasi kidogo ya kutanuka kwa joto, hewa ikiwa ndogo unyevu nao unakuwa mdogo. Ikisimama zaidi ya hapo usiache mafuta, yanaoza yanakuwa gundi ya njano, yamwage, paka oili kama nilivyosema. Tenki lililoshushwa litundike kwa kamba, mbali na magunia ya mbolea, chumvi na betri zinazochajiwa, hivo vitatu vinaleta kutu haraka sana. Usilifunge kwenye nailoni, linatoka jasho humo ndani, tumia shuka kuukuu. Mdomo na tundu la koki vizibe kwa kitambaa chenye oili, kwasababu kuna wale nyigu wa udongo, wakikuta tundu wanajenga, na udongo wao ukishakauka kwenye nyuzi za koki utautoa kwa sindano. Kila masika ikiisha lishushe, ongeza oili, ligeuze geuze.

Siku ya kulirudisha kazini mwaga oili yote, suuza na petroli kidogo, angalia kitundu cha hewa kwenye mfuniko kama kinapitisha, maana kikiziba pikipiki itazima baada ya kilomita kadhaa na wewe utaanza kufungua kabureta bure. Afu weka filta ya nje, ile ya plastiki inayoonesha ndani. Wiki ya kwanza iangalie kila jioni, ukiona unga mwekundu umekaa chini yake rudi kwenye tenki.